Uskoti: Yapi Kweli, Yapi ya Kutungwa?

Mskoti ni Mwingereza wa kaskazini. Si kweli, na heri usimwambie hivyo usoni. Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707, lakini ikabaki na mahakama zake, kanisa lake na shule zake, na tangu 1999 ina bunge lake mjini Edinburgh. Hata David Livingstone, ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa Mwingereza, alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akaanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Jiji la Blantyre la Malawi limepewa jina la mahali hapo.

Kila ukoo una tartani yake tangu enzi za mababu. Si kweli, na hapa ndipo penye uhondo. Kitambaa chenyewe, sufu yenye mirabaraba, ni cha kale. Ila zamani mtu alivaa rangi alizokuwa nazo mfumaji wa jirani, kwa kadiri ya mfuko wake. Waasi wa nyanda za juu za Uskoti waliposhindwa vitani Culloden mwaka 1746, serikali ya London iliwakataza wanaume mavazi hayo, isipokuwa askari wake yenyewe. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1782, na vazi la uasi likageuka fasheni.

Mwaka 1815 chama cha Highland Society of London kiliwaomba wakuu wa koo walete vipande vya tartani zao. Baadhi yao ilibidi kwanza waulizie yao ni ipi! Kiwanda cha Wilson cha Bannockburn kilinufaika: nakshi iliyokuwa na namba tu ikapewa jina la ukoo. Mwaka 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh, msimamizi wa sherehe akiwa mwandishi wa riwaya Walter Scott, na mfalme mwenyewe akavaa kilti, sketi ya tartani ya wanaume, juu ya soksi ndefu za rangi ya waridi. Kisha, mwaka 1842, ndugu wawili waliojidai kuwa wa damu ya kifalme walichapisha kitabu cha tartani walizosema zimetoka kwenye hati ya kale. Hati hiyo wataalamu hawakuonyeshwa kamwe, na baadhi ya nakshi za kitabu hicho bado zinavaliwa harusini.

Sioni haja ya kuwacheka. Kanga nayo ni ya karne ya 19, na nani atathubutu kutuambia si yetu?

Zumari la mfuko ni la Waskoti peke yao. Si kweli. Lipo Ulaya nzima, na wenzetu wa Oman na Ghuba wanalo la ngozi ya mbuzi, habban.

Krismasi ilikuwa siku ya kazi. Kweli, hadi mwaka 1958. Kanisa la Kiprotestanti liliiona kuwa mabaki ya Ukatoliki, na bunge la Uskoti la enzi hizo likafuta mapumziko yake mwaka 1640. Shangwe ikahamia mkesha wa Mwaka Mpya, Hogmanay. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye mwenye bahati ya nyumba. Anayetakiwa ni mwanamume mwenye nywele nyeusi, mkononi kipande cha makaa ya mawe, biskuti na wiski. Mwenye nywele za dhahabu asubiri nje kidogo. Tarehe 2 Januari nayo ni sikukuu, na kwa wiski ile naona walikuwa na busara.

Mnyama wa taifa ni farasi mwenye pembe moja. Kweli kabisa, ingawa hajawahi kuzaliwa.

Haggis ni kinyama cha milimani. Watalii wengi wameuziwa mzaha huu. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yaliyosagwa pamoja na oti, mafuta na vitunguu, yakashindiliwa katika tumbo la kondoo na kuchemshwa. Huliwa hasa tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759. Marekani ilikataza mapafu ya mifugo yasiwe chakula cha watu mwaka 1971, kwa hiyo Waskoti wa huko hupika haggis yao bila mapafu, na kunung'unika kila Januari.