Isome Namba ya Lori Kabla ya Kupakia

Ndugu madereva, mataniboi na makanika,

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikawa inakwenda Jinja kwa treni. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nayo haifiki tena. Leo saruji ya Hima na chumvi ya Katwe zinategemea malori. Basi inatupasa kulielewa lori.

Gari lililotufundisha kazi wengi wetu ni Mercedes-Benz ya pua fupi, iliyotolewa Ujerumani Magharibi mwaka 1959. Mafundi waliirudisha injini nyuma, sehemu yake ikaingia kwenye kebini. Pua ikafupika, nafasi ya mzigo ikaongezeka, na kanika bado alifungua boneti akaifikia injini. Mwaka 1964 ikaja injini ya OM 352: silinda 6, lita 5.7, dizeli ikipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haikula mafuta mengi. Tata za India nazo zilitoka katika ukoo huo, kwa mkataba wa mwaka 1954.

Sasa tutazame namba. 1113 maana yake ni tani 11 na nguvu za farasi 130. 911 ni tani 9 na farasi 110. Tani hizo ni za gari na mzigo pamoja. Gari tupu likiwa na tani 4, 1113 inabakiwa na tani 7, yaani mifuko 140 ya saruji ya kilo 50. Ikipakiwa mifuko 200, zimezidi tani 3 ambazo breki na springi hazikuundiwa.

Wengi wetu hulipwa kwa safari. Faida ya ile mifuko 60 ni ya tajiri. Lakini breki zikishika moto mteremkoni, aliye kwenye usukani ni dereva, na aliye juu ya mzigo ni taniboi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu: uzito uandikwe kwenye karatasi ya safari kabla gari halijatoka, dereva anayekataa mzigo uliozidi asifukuzwe, taniboi asikalishwe juu ya mzigo.

Wenzetu wa Kasese, Bwera na Mpondwe, akikataa mmoja ataachishwa kazi na mwingine atapakia. Tukikataa sote, mzigo utapunguzwa.

Umoja ni nguvu.