Asiye na Chama na Kura ya Mchujo

Katika vikundi tunavyotembelea tunaulizwa hivi: mtu asiye na chama cha siasa, anayeangalia mtu tu, aende kwenye kura ya mchujo ama angoje uchaguzi wenyewe?

Wengi husema, "Hayo ni ya wenye chama." Lakini pale ambapo chama kimoja kina nguvu kupita vingine, aliyepata tiketi amemaliza. Mwakilishi wa wadi, yule atakayesema maji yapelekwe wapi, huwa amepatikana siku ya mchujo, na wewe ulikuwa shambani.

Wazee wanakumbuka mlolongo wa 1988. Wenye kadi ya KANU ndio waliopanga foleni, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Asiye na kadi hakuwa na la kusema.

Siku hizi sheria ya vyama, iliyorekebishwa 2022, inataka mpiga kura ya mchujo awe katika daftari la wanachama wa chama hicho, na huwezi kuwa memba wa vyama viwili. Kwa hivyo swali hasa ni kama utajiandikisha.

Sisi tunaonelea hivi: kama kwenu mambo huamuliwa kwenye mchujo, jiandikishe mapema ukapige kura. Hujala kiapo. Mwezi wa Agosti kura ni ya siri, unaweza kumpa wa chama kingine au mgombea huru. Lakini kujiandikisha ili uwachagulie wenzako mtu dhaifu, ama kwa sababu umepewa mia mbili na unga, hapo hapana. Na kama tiketi zinagawanywa na wakubwa huko Nairobi bila kura, usijisumbue.

Anayetaka kusimama mwenyewe bila chama aangalie sana. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka awe hajakuwa memba wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi.

Halafu kuna hili. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikwa kwenye vyama ambavyo hawakuviomba. Hakikisha jina lako kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ukilikuta mahali usipopataka, andika barua ya kujiuzulu. Na ninyi makatibu, daftari la kikundi lenye majina na nambari za vipande asipewe mtu wa siasa, hata akisema ati ni ya kuleta mbegu.