Kusema ‘sina’ nako ni tiba ya dhiki

MWISHO wa mwezi unapokaribia, usingizi huwa haba katika nyumba nyingi za mijini. Mwenye nyumba anasubiri kodi kufikia tarehe tano, karo ya shule ina salio, mkopo wa simu unadai, na juu ya hayo yote kuna kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzako ambayo imekwisha kuandika orodha ya waliotoa na ya wale ambao “bado”. Mtu hulala saa tano, akashtuka saa tisa usiku, kisha akabaki akipiga hesabu gizani mpaka kukapambazuka.

Hali hii ndiyo wataalamu wa afya huiita msongo wa mawazo. Wengi huichukulia kuwa jambo la kichwani tu, la kutulizwa kwa chupa mbili tatu Ijumaa jioni. Sivyo. Mwili mzima huhusika.

Ubongo unapohisi hatari, huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kumwaga homoni iitwayo adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza na sukari huachiliwa iingie katika damu ili mtu apate nguvu za kupigana au kutimua mbio. Hatari ikiendelea, tezi hizo huongeza homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuweka mwili katika hali ya kukesha. Mpango huu ni mzuri sana kwa aliyekutana na nyati njiani. Tatizo ni kwamba nyati huja akapita, lakini kodi ya nyumba hurudi kila mwezi.

Mtafiti Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal nchini Canada, aliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1936. Aliwatesa panya kwa njia mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha au mazoezi ya kupita kiasi, akaona kwamba miili yao ilibadilika kwa namna moja: kwanza ilishtuka, kisha ikastahimili, na mwishowe ikachoka kabisa. Binadamu naye huweza kustahimili kwa miezi mingi akidhani yuko sawa. Baadaye huja maumivu ya kichwa na mgongo, hasira za ghafla kwa watoto, hamu ya tendo la ndoa kupotea, na presha kupanda. Mwenye kisukari huona sukari yake ikikataa kutulia ingawa anameza dawa ipasavyo.

(Hapa inafaa kusahihisha jambo moja. Utasikia watu wakisema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005 kwa kuonyesha kwamba vingi huletwa na bakteria. Vingine huletwa na dawa za kutuliza maumivu. Mawazo huzidisha uchungu, lakini usikae nyumbani ukijiambia “ni stress tu” ilhali kuna dawa ya kuviponya.)

Mwandishi wa makala haya hana subira na wanaomwambia mtu asiye na kodi kwamba avute pumzi na kutabasamu. Mshahara mdogo ni mshahara mdogo, na hakuna zoezi la kupumua linaloulipia umeme. Hata hivyo, kuna sehemu ya msongo ambayo haitokani na uhaba wenyewe bali na kazi ya kuuficha.

Chukua mfano wa karani anayepokea Sh40,000 baada ya makato. Kodi ni Sh12,000, chakula Sh12,000, nauli Sh5,000, na karo pamoja na pesa za wazazi mashambani Sh8,000. Amebakiwa na Sh3,000. Kamati ya harusi inataka Sh5,000, na kwa kuwa hataki kuonekana mnyonge, anakopa. Mwezi unaofuata anaanza akiwa na deni, na tena ana kazi ya ziada: kuchunga picha ya mtu mwenye uwezo ambaye hayuko. Kila simu ikilia anaruka. Harusi ilifanyika siku moja, bali wasiwasi wa deni ulimkaa mwezi mzima.

Kujikubali ni kuitazama ile Sh3,000 na kusema kwa sauti: hiki ndicho nilicho nacho, na mimi bado ni mtu kamili. Huko si kukata tamaa. Karani huyo anaweza kuendelea kutafuta kazi bora huku akituma Sh500 kwa kamati na ujumbe mfupi usio na visingizio virefu. Kina dada hubeba mzigo huu maradufu, kwa sababu wengi hulelewa wakiamini kwamba mama mwema hachoki. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Marekani, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka wa 2003, hushauri mtu ajiambie maneno ambayo angemwambia rafiki yake aliyepatwa na shida hiyo hiyo. Jaribu. Wengi wetu hatungethubutu kumtukana rafiki jinsi tunavyojitukana wenyewe saa tisa usiku.

Hapa Afrika kuna mfano mzuri kutoka Zimbabwe. Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka wa 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza kina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare jijini Harare namna ya kuwasikiliza wagonjwa, wakiwa wameketi kwenye benchi karibu na zahanati. Nyanya humwacha mgeni amwage yote yaliyo moyoni, kisha humwomba achague shida moja tu, wakapanga pamoja hatua ndogo ya kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hizo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Siri yake iko katika ile shida moja. Saa tisa usiku matatizo huja yote pamoja, na hakuna awezaye kupigana na jeshi. Chukua karatasi uyaandike, uzungushie duara lile unaloweza kuligusa kesho, mengine yakungoje.

Kuhusu mwili, watu wazima wanahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Pombe humlaza mtu upesi lakini huukatakata usingizi wa alfajiri, nayo miraa hukesha na mlaji na kupandisha presha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Anayeshuka matatu steji mbili kabla ya kwake akatembea haraka anaweza kuzipata bila kulipia jimu. Kupumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, hupunguza mbio za moyo. Kunawezekana hata ndani ya matatu iliyokwama kwenye msongamano.

Ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kutojali lolote kumeendelea kwa majuma mawili, nenda hospitali. Si lazima iwe Mathari, jina linalowatisha wengi. Baadhi ya hospitali za kaunti zina kliniki za afya ya akili. Ukifika, mweleze daktari hali hiyo ilianza lini, unalala saa ngapi na unakunywa kiasi gani, bila kupunguza. Na ikiwa umeanza kufikiria kujidhuru, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, akupeleke siku hiyo hiyo.