Gundi ya Fidla Haitakiwi Kushinda Mbao

Jomvu Kuu imepakana na hori na mikoko, na unyevu wa hewa yake mara nyingi hupita asilimia 70. Ngoma ikilala katika hewa hiyo ngozi hulegea, na wapigaji huipasha moto kabla ya kuanza. Fidla nayo huumwa na unyevu, ila dawa yake ni nyingine.

Chombo hiki si kigeni pwani. Kikundi cha taarabu cha Culture Musical Club cha Unguja hupanga fidla kadhaa pamoja na ala za udi na kanuni. Maungio ya fidla yakiachia, wengi hudhani chombo kimekufa, wakakimbilia gundi inayoganda papo hapo. Hapo ndipo wanapokiharibu.

Mafundi wa Luby, mji mdogo wa magharibi mwa Ucheki uliofunguliwa shule ya kutengeneza fidla mwaka 1873, wangewazuia. Zamani mjini humo kazi iligawanywa majumbani: nyumba hii ilichonga shingo, ile ubao wa mgongo, na wafanyabiashara wakakusanya. Fidla nyingi za aina hiyo zilibandikwa ndani karatasi yenye jina la Stradivarius, fundi wa Italia aliyefariki 1737. Usiitegemee karatasi hiyo kukadiria bei.

Ubao wa mbele wa fidla huchongwa hadi unene wa takriban milimita 3, kwa mti mwepesi wa milima ya baridi uitwao sprusi. Mgongo ni wa mepo, mti mgumu zaidi. Gundi hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo huyeyushwa kwa maji ya moto, kiasi cha nyuzi joto 60.

Gundi hii inatakiwa iwe dhaifu kuliko mbao. Mbao hufura kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu. Gundi ikiachia mapema, ubao husalimika. Fundi naye hupenyeza kisu chembamba, akafungua ubao wa mbele, akatengeneza ndani, kisha akaurudisha. Ndiyo maana fidla za miaka 300 bado zinalia.

Jan Špidlen wa Prague, fundi wa kizazi cha nne katika familia yake, aliyeshinda dhahabu katika mashindano ya mafundi wa fidla huko Cremona, Italia, mwaka 2003, amerithi ufundi huohuo.

Ukitaka kuikagua fidla yako, gonga ukingo wake taratibu kwa kidole, pole pole kuizunguka. Pakilia kama pamepasuka, gundi imeachia. Legeza nyuzi kidogo, usizilegeze zote kabisa, maana kijiti kilichosimama ndani huweza kuanguka. Kisha mpelekee fundi anayetumia gundi ya ngozi.