Jiwe likianguka kwa kichwa: alama munganga anazotafuta

Ku mashimo ya Kolwezi na Likasi tunasikia mara mingi maneno haya: « Jiwe lilimupiga kidogo tu, akasimama, akasema, tukamurudisha nyumba alale. » Ile kulala njo inatuogopesha. Kuko damu inayoweza kutoka polepole katikati ya mufupa wa kichwa na ngozi inayofunika ubongo. Kwa saa moja, mbili, hata zaidi, mutu anasema muzuri, anaomba chakula, anacheka. Kiisha damu inajaa, inaminya ubongo, na haamuke tena.

Mu lopitalo, mbele ya mashini yoyote, munganga anatumia mikono yake na tochi. Tunaeleza hapa anachotafuta, juu familia zingine zinazania anachezea mugonjwa wao.

Anaanza na macho. Akimulika jicho, kile kiduara cheusi cha katikati kinapaswa kupunguka mara moja. Kama kimoja kimekuwa kikubwa na mwangaza haukipunguze, na mutu anazidi kulala, hapo hakuna kungoja: mara mingi damu iko upande wa jicho lile. Lakini mukono na muguu vinavyoregea, kawaida ni vya upande mwingine, sababu njia za ubongo zinapishana.

Kiisha anatosha kiatu. Anakwaruza chini ya muguu, kuanzia kisigino, upande wa inje, mpaka karibu na vidole. Kwa mukubwa muzima, kidole kikubwa kinainama chini. Kikiinuka juu, njia inayotoka ku ubongo kushuka mu uti wa mugongo imeguswa. Joseph Babinski, munganga wa Paris, njo aliandika juu ya alama hiyo mu 1896, na mpaka leo haiombe hata franka moja. (Cha mutoto muchanga kinainuka bila ugonjwa, wamama wasiogope.)

Anahesabu pia. Tangu 1974 kuko hesabu ya Glasgow: namna mutu anafungua macho, anajibu, anatikisa mwili. Muzima anapata 15, wa chini kabisa 3. Kuanzia 8 kushuka, hali ni mbaya sana. Kwa hiyo ulizo « tuko mwezi gani? » si muchezo.

Ku nyumba hamuna lazima ya kukwaruza muguu wa mutu. Akitapika mara na mara, kichwa kikizidi kuuma, maneno yakichanganyika, degedege ikimukamata, maji ao damu ikitoka mu sikio ao mu pua: lopitalo, hata kama ni usiku. Musizibe sikio. Musimupe pombe. Na musimukalishe ku pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuteni ubao na gari, alale, kichwa na shingo visigeuke. Akitapika, mumugeuze mwili wote pamoja. Mbele ya kutoka, andikeni ku simu saa jiwe lilianguka na saa alianza kusinzia, munganga ataziuliza.