Kabla Watoto wa Mbwa Hawajazaliwa

Huko Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, paliishi mama mmoja asiyeona. Alihitaji mbwa mwongozaji, yaani mbwa aliyefundishwa kumvusha mtu barabara, kumkwepesha mashimo na kusimama penye ngazi. Mbwa wa kazi hiyo wapo. Kikwazo kilikuwa mume wake, kwa sababu alikuwa na mzio wa mbwa. Nyumba ile ilitaka mbwa ambaye mke angetembea naye kutwa, na mume angelala naye chini ya paa moja bila kuugua.

Ombi la mama huyo likafika Australia, kwenye chama kinachofundisha mbwa waongozaji, mikononi mwa Wally Conron aliyesimamia uzalishaji wa mbwa. Conron aliwaza pudeli. Huyu ni mbwa mwenye akili nyingi, na nywele zake zilizojisokota hazipukutiki ovyo kwenye mazulia. Akawajaribu pudeli 33, mmoja baada ya mwingine. Wote wakashindwa kazi.

Mwaka 1989 akapata wazo jingine. Akampandisha labrado jike, mbwa mpole na mtiifu, kwa pudeli dume. Wakazaliwa watoto watatu. Nywele zao na mate yao yakapelekwa Hawaii ili mume yule ajaribiwe, na majibu yakarudi: mmoja tu ndiye hakumsumbua. Jina lake Sultan. Sultan akafundishwa, akapelekwa Hawaii, akawa macho ya yule mama kwa miaka mingi.

Hapo simameni kidogo, wanangu. Watoto watatu, mama mmoja, baba mmoja, na bado aliyefaa alikuwa mmoja. Wenye kuuza mbwa hawa siku hizi husahau kipande hicho cha hadithi, tena husahau kwa makusudi.

Wale wawili waliobaki hawakupata mtu wa kuwachukua. Watu waliokuwa wakisubiri mbwa chamani walikataa mbwa wa kuchanganya. Walitaka labrado halisi. Conron akatangaza kwenye vyombo vya habari kwamba chama kina mbwa wa aina mpya, labradudeli. Simu hazikukatika. Mbwa walikuwa walewale, ila sasa walikuwa na jina. Tangu siku hizo labradudeli wakaenea Australia, Marekani na Ulaya, na watu waliokaa kwenye nyumba ndogo wakaanza kuwataka wadogo zaidi.

Sasa niwapeleke Uingereza, kwa familia zinazozalisha hao wadogo nyumbani: baba, mama, watoto, na mbwa wawili watatu wanaolala jikoni. Najua kwetu wengi mbwa hulala nje akilinda boma, na zipo nyumba ambazo haingii ndani kabisa. Kule mbwa wa namna hii kazi yake ni kuwa mwenzi tu. Anakaa na bibi aliyebaki peke yake, au anamsubiri mtoto mlangoni akitoka shule.

Ili mtoto awe mdogo, baba huchaguliwa kutoka kwa pudeli wadogo, ambao mabega yao hayazidi sentimita 38 kutoka ardhini. Mama huwa labrado, mwenye sentimita 55 hivi. Kwa nini mama ndiye awe mkubwa? Fikirieni mbwa mdogo akibeba mimba ya watoto wenye damu ya baba mkubwa, halafu siku ya kuzaa ifike. Wenye busara hawamtii jike kwenye hatari hiyo. Na kwa kuwa urefu wa wazazi haulingani, wakati mwingine daktari wa mifugo ndiye hufanikisha mimba yenyewe. Hata hivyo, hakuna awezaye kuapa kwamba watoto wote watatoka wadogo. Mmoja anaweza kumfuata mama na kuwapita ndugu zake kwa mbali.

Kazi kubwa ya familia hiyo hufanyika kabla ya mimba, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Watu wengi huamini kwamba ukichanganya aina mbili za mbwa, magonjwa hupotea yenyewe. Hayapotei. Ugonjwa ulio upande wa mama tu unaweza kupungua nguvu, lakini ugonjwa ulio pande zote mbili unaweza kumkuta mtoto palepale.

Chukueni nyonga, pale mfupa wa paja unapoingia kiunoni. Kichwa cha mfupa ni cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa mwingine. Kikombe kikikosa kina, mfupa huchezacheza, husagika, na mbwa akizeeka kidogo tu huanza kuchechemea. Labrado wanasifika kwa tatizo hilo, na pudeli nao linawapata. Kwa hiyo mbwa akishatimiza mwaka mmoja hupelekwa kwa daktari, hulazwa usingizi kwa dawa, na nyonga zake hupigwa picha za eksirei. Picha hutumwa kwa wataalamu, nao huipa kila nyonga alama kuanzia 0 hadi 53. Jumla ya juu kabisa kwa nyonga mbili ni 106. Ni mtihani ambao mwenye sifuri ndiye anayeongoza darasa! Mbwa mwenye alama nyingi hata awe mzuri wa sura namna gani hazalishwi. Ataishi, atapendwa, lakini atafungwa kizazi.

Kisha macho. Kuna ugonjwa unaoiua retina polepole, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mbwa huanza kwa kutoona gizani, na mwishowe huwa kipofu kabisa. Jeni yake mbovu imo kwa labrado na imo kwa pudeli pia. Tazameni ajabu yake: mbwa aliyezalishwa ili amwongoze asiyeona, naye anaweza kupofuka.

Kila mbwa ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Akiwa na nakala mbovu moja tu, anaona vizuri maisha yake yote na hutamjua kwa kumtazama. Lakini wakikutana dume na jike wa aina hiyo, kila mtoto ana bahati mbaya ya moja kati ya nne ya kupata mbovu zote mbili. Waliosoma habari za selimundu watautambua mtindo huu, maana nayo hurithiwa hivyohivyo: wazazi wawili wazima, mtoto mgonjwa.

Kipimo chake hakina maumivu. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu la mbwa, hutiwa kwenye bahasha na kupelekwa maabara. Majibu yakisema jike ana nakala moja mbovu, si lazima aondolewe. Akipandishwa kwa dume aliye safi kabisa, hakuna mtoto atakayepofuka kwa ugonjwa huo. Ndiyo maana nasema familia inayopima imeshawatendea watoto wema mkubwa kabla hawajatungwa mimba, na isiyopima inacheza kamari kwa macho ya mwingine.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Siku zikikaribia, mmoja wa familia hushika kipimajoto asubuhi na jioni. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 na kitu. Likishuka hadi kama 37, watoto wanakuja ndani ya siku moja. Usiku huo mtu halali.

Watoto huzaliwa vipofu na viziwi, pua tu ndiyo inayojua njia ya kwenda kwenye ziwa la mama. Hawawezi hata kudhibiti joto lao wenyewe, kwa hiyo sanduku lao hupashwa joto. Kwa kuwa wanafanana, kila mmoja huvishwa uzi wa sufu wa rangi yake shingoni: huyu mwekundu, huyu wa kijani, yule wa manjano. Kila asubuhi hupimwa mmojammoja kwenye mizani ya jikoni, na uzito huandikwa daftarini mbele ya rangi yake. Ikitokea siku mbili mfululizo uzi wa kijani haujaongeza gramu hata moja, mtu hukaa chini na chupa ndogo ya maziwa ya mbwa na kumnyonyesha. Wiki ya pili macho hufunguka.

Kuanzia wiki ya tatu huanza masomo, na hapa watoto wa nyumbani wanawazidi watu wazima kwa ualimu. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila hofu nyingi. Ukishapita muda huo, kila kitu kigeni huweza kumtisha. Basi hufunguliwa mwavuli ghafla mbele yake. Huwashwa mashine ya kufyonza vumbi chumba cha pili, kesho yake karibu zaidi. Hupitishwa juu ya nyasi, changarawe na sakafu inayoteleza. Hushikwa makucha, masikio na midomo, ili siku daktari atakapomshika asimng'ate.

Nywele zao ni kisa kingine. Ndugu wa mkupuo mmoja wanaweza kutoka mmoja na mawimbi, mwingine zimenyooka na kupukutika kama za labrado yeyote. Zile za mawimbi hazianguki kirahisi, lakini hufungamana. Asipochanwa hadi kwenye ngozi mara kadhaa kwa wiki, nyuma ya masikio na kwapani hutokea madonge yanayovuta ngozi na kuuma, hadi dawa ikawa ni kunyoa. Asiyependa kushika chanuo achague mbwa mwingine.

Na mzio? Kinachowasumbua watu ni protini zilizo kwenye mate na magamba madogo ya ngozi, na kila mbwa ana mate na ana ngozi. Watafiti wa Uholanzi walipopima mwaka 2012 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuwaita labradudeli, wala pudeli, mbwa wasioleta mzio. Mwenye mzio aende akakae na mtoto yuleyule anayemtaka, amshike, arudi tena siku nyingine. Mume wa Hawaii naye alijaribiwa kwanza.

Conron mwenyewe alizeeka akiwa na majuto. Mwaka 2019 alilieleza shirika la utangazaji la Australia, ABC, kwamba alifungua mlango kwa watu wanaochanganya mbwa ovyo kwa ajili ya fedha, bila kujali afya. Wapo hadi leo: wanaowafungia majike kwenye mabanda na kuwazalisha bila kuwapumzisha. Ndiyo maana tangu Aprili 2020 sheria ya England inakataza duka au mtu wa kati kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6. Mnunuzi anapaswa kumwona mtoto akiwa na mama yake, palepale alipozaliwa. Mwenye leseni haruhusiwi kumtoa kabla ya wiki 8.

Wiki hizo zikitimia, mtoto ameshapewa dawa ya minyoo na amewekwa chipu ndogo chini ya ngozi ya shingo. Wanunuzi huja na maswali, wakakuta nao wana ya kujibu. Nani anashinda nyumbani mchana? Uzio una urefu gani? Familia nzuri huwaonyesha karatasi za nyonga na za macho kabla hawajaziomba, kisha huwataka watie saini kwamba wakishindwa kumtunza, hata baada ya miaka mitano, watamrudisha hapo. Wengine huondoka mikono mitupu, wamenuna.

Swali linalowachekesha watu wazima ni la umri. Mbwa huyu huweza kuishi miaka 12 au zaidi. Mtoto wa miaka 9 anayemkumbatia leo atakwenda chuo kikuu na kumwacha akiwa mzee, kwa hiyo swali la nani atamchana wakati huo huulizwa wazazi.