Daftari Lisilosomwa na Mtu

Kundi la WhatsApp la matanga hufunguliwa siku ile ile ya msiba. Watu huchanga kwa M-Pesa, huombeana, huulizana basi la mazishini litaondoka Kitengela saa ngapi. Maiti akishazikwa, wanachama hujiondoa mmoja mmoja, na Jumatatu mfiwa yuko kazini. Msiba wenyewe ndipo unapoanza.

Nataja Kitengela kwa sababu ni mji wa waliohamia. Sensa ya 2009 iliwakuta watu 687,312 katika kaunti nzima ya Kajiado. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840, na wengi wamejazana katika miji inayopakana na Nairobi. Mtu hununua ploti yake, akajenga, akaweka geti. Shangazi ambaye angemlilia yuko Machakos, Kisii au Murang'a, na simu ina mambo isiyoweza kuyabeba.

Mama mmoja ninayemfahamu, fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha Athi River, alipofiwa na mumewe alianza kuandika katika kaunta buku usiku, watoto wakishalala. Haandiki mashairi. Humweleza marehemu bei ya unga, karo iliyobaki, na fundi aliyekula pesa za tangi la maji. Siku nyingine humgombeza kwa kumwachia deni la chama. Huandika kwa Kikamba, ingawa nyumbani wanazungumza Kiswahili. Watoto wake wamekulia Kitengela; hata wakilifuma daftari hawataambulia kitu.

Aliyoyagundua mama huyu peke yake, kwamba kuandika huweza kupunguza machungu, yalikwisha kupimwa. Mwaka 1986, wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti walioufanyia wanafunzi wa chuo kikuu huko Dallas, Marekani. Wanafunzi waliandika dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo, baadhi yao kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, wengine kuhusu mambo ya kawaida tu. Walioandika machungu yao, tukio pamoja na hisia zake, walitoka chumbani wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Baadaye Pennebaker aliona kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku baada ya siku, yaliongezeka maneno ya kutafuta sababu na kuelewa. Kurudia kilio kile kile hakukuwasaidia sana. Kwa hiyo anayeandika leo akajiona amezidi kuumia asidhani dawa imemkataa.

Sisi tulikuwa na ushahidi wetu kabla ya Dallas. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na miaka 22 alipofungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake, Kenya: Twendapi? Akiwa ametengwa na wafungwa wengine, alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Sauti ya Dhiki ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Tunapenda kuyasoma mashairi hayo kama siasa. Mimi nashuku kwamba vina na mizani vilimfanyia kazi nyingine pia: mtu anayesaka kina cha mwisho hana nafasi ya kuhesabu kuta.

Kalamu si daktari. Mwaka 2020 jopo lililoteuliwa na serikali lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na jambo la namna hiyo haliponywi na daftari la dukani. Ila angalau sasa mtu anaweza kuyaandika hayo bila hofu ya sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kabla ya hapo, aliyeandika kwamba alijaribu kujitoa uhai alikuwa akijiandikia ushahidi wa mashtaka.

Ukishuka kutoka Kitengela kuelekea Isinya, Bisil na Namanga, daftari linapungua na ushanga unaongezeka. Kina mama wa Kimaasai hukaa chini ya mgunga, shanga zimemwagwa kwenye kifuniko cha sufuria, kila mmoja na sindano yake. Macho yanafuata uzi, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na kwa hiyo mengi husemwa.

Wanaume ndio wanaonitia wasiwasi. Ukame uliofikia kilele 2022 uliangamiza mifugo Kajiado, na wazee wengi wakanyamaza, maana tumefundishwa kwamba kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Wazee hao wanamjua kila ng'ombe aliyeanguka: rangi yake, pembe zake, mama aliyemzaa. Mjukuu aliye shuleni ana kalamu. Amkalie babu jioni, aanze kwa kumwuliza wa kwanza kufa alikuwa yupi, na aandike anavyoambiwa bila kusahihisha.